Kwa nini walimu wazoefu wanaliacha darasa kabla ya kuiacha kazi

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mwalimu mlezi wangu aliacha kusahihisha. Tulikuwa tumekaa ofisi moja kwa miaka saba, katika shule ya msingi iliyo jirani na mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, upande wa Ilemela jijini Mwanza. Kila siku saa nane mchana nilimwona akivuta rundo la madaftari, akifungua la kwanza na kumwandikia mtoto kitu pembeni kwa kalamu nyekundu: "Rudia hapa." "Herufi hii umeigeuza." "Umejitahidi." Siku ile aliyafungua na kupiga vema moja kubwa kwenye kila ukurasa, daftari baada ya daftari, bila kusoma. Alimaliza rundo zima chai yake ikiwa bado ya moto. Akafunga kalamu, akaniambia, "Mwanangu, leo nimewadhulumu watoto wa watu, na wala sikusikia kitu moyoni."

Kwenye kitabu cha mahudhurio alikuwa kazini. Alikuwa amesaini saa moja na nusu asubuhi kama alivyosaini kwa miaka 31. Hakuwa na barua ya onyo wala hakuwa mtoro, na kipindi chake hakikuwahi kukosa mwalimu. Ukiniuliza mimi aliacha kazi lini, nitakutajia siku ile ya vema. Siku aliyoagwa kwa kitenge na sinia la keki haimo kwenye hesabu yangu.

Jambo hili la walimu kuchoka na kuondoka linazungumzwa sana huku kwetu, na mara nyingi linazungumzwa kwa kauli mbili tu. Moja inasema walimu wa siku hizi hawana wito. Nyingine inasema waongezewe mshahara, mambo yataisha. Nimefundisha miaka 12, kwanza kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, na baadaye hapa Mwanza mjini, na nimeondoka mwenyewe. Naona kauli ya kwanza inawaonea watu, na ya pili inasema kweli lakini nusu yake.

Tuanze na kuhesabu. Mtu akitaka kujua walimu wangapi wanaacha kazi, hutafuta barua za kuacha kazi, vifo na kustaafu. Kwa njia hiyo UNESCO, katika ripoti yake ya dunia kuhusu walimu iliyotoka 2024, ilionyesha kwamba kiwango cha walimu wa shule za msingi wanaoiacha kazi kilikaribia kuongezeka maradufu, kutoka asilimia 4.62 mwaka 2015 hadi 9.06 mwaka 2022, na kwamba dunia itahitaji walimu wapya milioni 44 kufikia 2030. Hao ni walioondoka kwa miguu. Kwetu Tanzania, na hasa kwa mwalimu wa serikali, miguu ndiyo huondoka mwisho. Ajira ya serikali haiachwi hivi hivi. Imebeba mkopo wa benki, bima ya afya, pensheni, wadogo wanaosomeshwa na mzazi aliyeko kijijini. Kwa hiyo mwalimu haandiki barua. Anaondoka kwa vipande: kwanza anaacha kubaki jioni na wale wasiojua kusoma, halafu anaacha kuandaa zana, halafu anaacha kusahihisha, halafu anaacha kujua majina. Mwili unabaki ubaoni mpaka miaka 55 au 60.

Nimechoka, bora liende, na ile ya tatu

Neno la kitaalamu la hali hii, "burnout" kwa Kiingereza, yaani kuungua hadi kuisha, lilianzia Marekani. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akihudumu katika kliniki ya bure jijini New York, aliandika kuhusu wahudumu wenzake waliokuja na moyo mkubwa na baada ya muda wakabaki majivu matupu. Baada yake Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliipambanua hali hiyo katika sehemu tatu, na mwaka 1981 yeye na mwenzake Susan Jackson wakatoa kipimo chake. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, linalotumika tangu Januari 2022, lakini likasema wazi kwamba si ugonjwa. Ni hali inayotokana na kazi: msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Nataka msomaji alishike hilo, kwa sababu ukisema ni ugonjwa utamtafuta mgonjwa na kumpa ushauri wa kupumzika. Ukisema inatokana na kazi, itabidi uitazame kazi yenyewe.

Sehemu zile tatu hazihitaji lugha ngeni. Ofisi yoyote ya walimu inazo kwa maneno yake. Ya kwanza ni "nimechoka", ila si ule uchovu unaoisha kwa likizo ya Juni. Huu unakukuta Jumatatu ya kufungua shule kabla hujafika getini. Ya pili ni "bora liende". Mwalimu anajitenga na watoto ili asiumie, anawaita "hawa", anacheka wakikosea. Ya tatu huwa haisemwi kwa sauti, na ndiyo mbaya zaidi: "hata nikifundisha, nini kitabadilika?" Mtu akishafika hapo, semina haimsaidii. Anaijua kazi yake vizuri, ila hana tena sababu ya kuifanya.

Ajabu ni kwamba sehemu hii ya tatu huwapata wazoefu kwa namna yake. Mwalimu mpya anahangaika pia, tena sana, lakini bado anaamini tatizo ni ugeni wake, kwamba mwakani ataweza. Mzoefu hana kisingizio hicho. Anajua anaweza, maana alishaweza. Ameshawahi kushika darasa la watoto 50 na wote wakajua kusoma kabla ya Novemba.

Sekunde ishirini kwa mtoto

Kiwango kilichowekwa na serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa na darasa la tatu lenye watoto 120. Kipindi ni dakika 40. Ukiwagawia sawasawa, bila kuhesabu muda wa kuingia, kusalimiana na kunyamazisha, kila mtoto anapata sekunde 20. Sasa chukua madaftari. Ukitumia dakika moja tu kwa kila daftari, zoezi la somo moja linakula saa mbili. Nilifundisha masomo matatu. Hizo ni saa sita za kusahihisha baada ya vipindi kwisha, kila siku, na hapo sijagusa andalio la somo, azimio la kazi, zamu, kikao, wala chakula cha wanangu.

Haiwezekani. Sisemi ni ngumu, nasema saa hazipo. Kwa hiyo kila mwalimu wa darasa la namna hiyo analazimika kuchagua cha kuacha, na kila siku anaacha kitu ambacho chuoni alifundishwa kwamba ndicho ualimu wenyewe.

Madarasa haya hayakujaa kwa ubaya wa mtu. Novemba 1974, pale Musoma, juu kidogo tu ya ziwa hili hili, ndipo lilipopitishwa azimio la kuwapeleka watoto wote shule, na likazaa mpango wa elimu ya msingi kwa wote na walimu wake waliofundishwa haraka, wale tulioendelea kuwaita walimu wa UPE. Wimbi la pili lilikuja ada ya msingi ilipofutwa kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, miaka ya 2001 na 2002. Zikaja shule za kata na walimu waliopewa mafunzo ya wiki chache, ambao wananchi waliwabatiza "vodafasta". Wimbi la tatu ni elimu bila ada, Januari 2016. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Bila mawimbi haya huenda ningekuwa naanika dagaa hadi leo, kwa hiyo simlaumu aliyefungua mlango. Ninachosema ni kwamba kila mara watoto walitangulia na walimu wakafuata nyuma, na katikati ya hapo kuna mtu aliyesimama akayapokea maji yote. Mtu huyo alikuwa mzoefu. Mwalimu mkuu akiwa na mkondo mmoja wa watoto 140, hampi kijana aliyeripoti jana. Anampa yule anayeweza. "Mama, wewe unawamudu." Nimeisikia sentensi hiyo miaka yote, na kila iliposemwa ilisemwa kwa heshima ya kweli. Lakini maana yake ni kwamba ukifundisha vizuri, unaongezewa mzigo, na ukifundisha vibaya, unapunguziwa.

Kwenye shule za kando ya ziwa kuna jambo lingine ambalo takwimu za mahudhurio hazilielezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Basi darasa letu lilikuwa linapungua na kujaa kwa mwezi wa angani: wiki za giza, wavulana wa darasa la tano wanalala mwaloni, na wasichana wanaanika asubuhi; wiki za mbalamwezi, wote wanarudi. Somo la sehemu na desimali ukilifundisha gizani, utalifundisha tena mbalamwezini, na mtihani haukusubiri. Mwalimu mpya huchukua miaka miwili mitatu kuugundua mzunguko huo. Mlezi wangu alikuwa anapanga azimio lake la kazi kwa kuangalia kalenda ya mwezi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na kwenye fomu za ukaguzi hapakuwa na mahali pa kuandika jambo hilo.

Anachoona mzoefu

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa maoni yangu, na ndipo panaporukwa katika mijadala mingi.

Ingia darasani na mwalimu wa mwaka wa kwanza, muulize anaona nini. Ataona watoto 120 wananakili kutoka ubaoni, kimya, darasa zuri. Ingia na mwalimu wa miaka 25. Ataona kwamba yule binti wa dirishani hanakili maneno, anachora maumbo. Ataona kuwa mvulana wa dawati la tatu anasoma kwa kukariri, macho yake yanatangulia kidole. Ataona kwamba pacha wawili wa nyuma wanachanganya l na r kwa sababu nyumbani wanaongea Kisukuma, na hilo si kosa la kuchapiwa, ni jambo la kuzoezwa siku mbili. Tena anajua dawa ya kila mmoja. Binti wa dirishani anahitaji dakika kumi kwa siku, kwa wiki kama tatu. Dakika kumi hizo hazipo. Kwa hiyo anamwona leo, anamwona kesho, anamwona Oktoba, na Desemba anamvusha darasa la pili akijua.

Uzoefu ni kuona. Mwalimu anayeona na hana namna ya kutenda anaumizwa na kile kile kinachomfanya awe mwalimu mzuri. Ndiyo maana wanaochoka vibaya zaidi si wale wabovu. Mtu asiyejali hachoki kwa namna hii, hana cha kumuunguza. Na ndiyo maana "bora liende" isichukuliwe haraka kuwa uvivu. Mara nyingi ni kitambaa ambacho mtu ameamua kujifunga machoni, maana kuona kila siku kumemshinda.

Mimi nilijifunga changu siku moja pale Kirumba, mwaloni. Nilikwenda kununua dagaa wa jumla kwa ajili ya mama mkwe. Kijana mbebaji akaniita, "Madamu! Shikamoo madamu!" Nikamkumbuka mara moja, nilimfundisha miaka mitatu. Amekuwa mtu mzima, mabega yamejaa. Tukacheka, akabeba gunia langu hadi kwenye bajaji na kukataa hela. Kisha akatoa simu mfukoni, akanisogezea. "Madamu, hebu nisomee hapa, macho yananisumbua siku hizi." Ulikuwa ujumbe wa kawaida wa mtu aliyemtumia elfu ishirini, maneno yasiyozidi kumi na tano. Nilimsomea. Alinishukuru sana, kwa adabu kabisa, na hakuonekana kufikiri kwamba mimi ndiye niliyetakiwa kumpa uwezo wa kuusoma mwenyewe. Miaka saba alikaa shuleni kwetu. Nilikumbuka hata dawati lake. Nilikuwa nimeliona tatizo lake tangu darasa la tatu.

Fedha, kwa upande wa wazoefu

Mshahara umeongezwa. Mei 2022 kima cha chini cha watumishi wa umma kilitangazwa kupanda kwa asilimia 23.3, na Mei Mosi ya 2025 kikatangazwa kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000. Ni hatua, na nimeona wenzangu wakishusha pumzi. Lakini mwalimu mzoefu haumizwi sana na kima cha chini. Anaumizwa na ngazi.

Mwalimu wa serikali hupanda kwa madaraja, na kati ya daraja na daraja kuna miaka anayotakiwa kuitumikia. Katikati ya 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji wa madaraja ili kuhakiki watumishi. Uhakiki ulikuwa na sababu zake, watumishi hewa na vyeti vya kughushi vilikuwepo kweli, na orodha ya kwanza ya wenye vyeti feki ya Aprili 2017 ilikuwa na watu 9,932. Lakini mwalimu mwenye cheti halali aliyekuwa apande mwaka huo alisubiri pamoja na wakosaji. Daraja lililochelewa halimnyimi mtu fedha za mwaka mmoja tu. Linasogeza mbele kila daraja linalofuata, na linashusha mshahara ambao pensheni itakokotolewa kwao. Baadaye ulikuja "mserereko", utaratibu wa kuwarudisha waliochelewa kwenye ngazi wanazostahili, na umewasaidia wengi. Hata hivyo, muulize mwalimu yeyote wa rika langu, atakutajia miezi na miaka kwa vidole kama anayetaja tarehe za kuzaliwa za wanawe.

Halafu kuna kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Waliokuwa wanachama wa PSPF, mfuko wa pensheni ambako ndiko walikokuwa walimu wengi, walizoea kwamba siku ya kustaafu wanapewa asilimia 50 ya mafao kwa mkupuo. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma ikaunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, na kanuni mpya ikataka asilimia 25. Zikapigwa kelele, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akaisimamisha, ya zamani iendelee kwa kipindi cha mpito. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaipandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa wa nusu. Kwa haki, mkupuo ulipopungua, pensheni ya kila mwezi iliongezeka, na wapo wanaoona hiyo ni salama zaidi kwa mzee. Ila mwalimu aliyeishi nyumba ya kupanga miaka 30 alikuwa ameshaujengea mkupuo ule nyumba kichwani: bati ngapi, vyumba vingapi, upande gani wa Kisesa. Mlezi wangu alitimiza 55 mwaka 2021, wakati wa mpito. Angeweza kufundisha miaka mitano zaidi. Aliomba kustaafu kwa hiari ili aondoke na nusu yake kabla kanuni haijabadilika. Sidhani kama waliopanga kanuni walifikiria kwamba watawaondoa mapema walimu wa darasa la kwanza, lakini kwetu ndivyo ilivyokuwa.

Kuhusu madeni nitasema kidogo tu. Sheria inataka mtumishi abaki na angalau theluthi ya mshahara baada ya makato. Theluthi hiyo ikiisha na mwezi umebakiza siku 20, mwalimu anakwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa "kausha damu", wanaobaki na kadi yake ya benki na namba ya siri. Mtu wa namna hiyo akiingia darasani, nusu yake iko kwa mkopeshaji.

Maji, na karatasi

Mwanza ni mkoa wa maji. Mwalimu anaweza kupangiwa kituo kisiwani Ukara au kwenye visiwa vya Buchosa wakati mwenza wake anafanya kazi Igoma. Nilipokuwa Ukerewe, ofisi nzima ilikuwa ikiishi kwa ratiba ya meli. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na gati la Ukara na kuua watu zaidi ya 200, nilikuwa nimeshahamia mjini, lakini kila niliyewahi kufundisha naye kule alikuwa amewahi kupanda chombo kile. Baada ya hapo, ombi la uhamisho halikuwa tena suala la starehe. Makundi ya WhatsApp ya walimu yamejaa ujumbe wa aina moja: "Niko Ukerewe, natafuta wa kubadilishana naye, Ilemela, Nyamagana au Misungwi." Wengine wameuandika kila mwezi kwa miaka. Mwenye miaka 15 kisiwani akikosa wa kubadilishana naye, anaanza kutafuta njia ya kutoka kwenye ualimu kabisa, maana akibadili kada na kuwa afisa utumishi au afisa maendeleo ya jamii, kuna nafasi ya kupangiwa makao makuu ya halmashauri. Kila mwaka walimu wazuri huenda vyuoni kusomea sheria au utawala kwa sababu hiyo tu. Hawaonekani kwenye hesabu ya walioacha kazi, kwa kuwa bado ni watumishi wa umma.

Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa. Walimu wa Sengerema ambao familia zao ziko mjini, waliokuwa wakisubiri kivuko saa nzima au zaidi, sasa wanavuka kwa dakika chache. Nawajua wawili waliokuwa wameshajaza fomu za kubadili kada wakaziacha. Kati ya yote niliyoona yakifanyika ili kuwabakiza walimu kazini, hilo daraja, ambalo halikujengwa kwa ajili yao, limefanya kazi kuliko semina zote nilizohudhuria.

Mwisho ni suala la nani anasikilizwa. Mwalimu aliyeajiriwa 1990 amepitia mtaala wa 2005, msukumo wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015, na angebaki angeukuta mtaala mpya ulioanza Januari 2024. Kila mabadiliko huja na semina, na katika kila semina anakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Sikumbuki hata mara moja ambapo mtu alikuja kutuuliza: ninyi mnaowafundisha watoto wa ziwa kusoma, mmegundua nini? Walikuja kukagua makaratasi. Andalio lipo? Limesainiwa? Na mara nyingine alikuja kiongozi na msafara, akamsimamisha mwalimu mbele ya watoto na wazazi, akamuuliza kwa ukali kwa nini shule imeshika mkia. Niliona likimpata mwenzangu wa miaka 28 kazini. Hakujibu. Watoto wake wa darasa la saba walikuwa wameinamisha vichwa, wanaangalia miguu yao. Mwaka uliofuata alihamia shule binafsi, kwa mshahara usiozidi sana ule wa zamani. Aliniambia kwamba kule angalau akikosea ataitwa ofisini na mlango utafungwa.

Wanaobaki wakiwa wazima wapo, na nimejaribu kuangalia wana nini. Mara nyingi ni mwalimu mkuu mmoja mwenye akili ya utu: anayegawa darasa kubwa hata kama mkondo wa pili utakaa chini ya mwembe, anayezungusha zamu ya darasa la kwanza ili isimng'ang'anie mtu mmoja milele, anayekubali kwamba zoezi moja lililosahihishwa kwa kusomwa ni bora kuliko manne ya vema tupu, na kumtetea mwalimu wake mkaguzi akiuliza mengine yako wapi. Hayo hayagharimu fedha. Kuondoa kabisa darasa la 120 kunagharimu, kunahitaji vyumba na ajira, na hakuna ujanja wa mwalimu mkuu unaoweza kuziba pengo hilo.

Nilipotoka kazini nilifungua duka dogo la vifaa vya shule Buzuruga. Mlezi wangu alikuja kuniona wiki aliyomaliza kukabidhi. Mezani akaweka daftari la kaunta lenye gamba gumu, kona zimelika. Ndani yake, tangu mwaka wa kwanza wa ajira yake, alikuwa akiandika makosa ya watoto katika kusoma na kuhesabu, chanzo alichodhani, na alichojaribu. Kurasa za l na r pekee ni kumi na moja. Kuna ukurasa wa kufundisha kujumlisha kwa mafungu ya dagaa. Kuna kalenda za mwezi zilizobandikwa kwa gundi. "Nilitaka kumwachia atakayechukua darasa langu," aliniambia, "lakini hajaletwa mtu. Mkuu amewaunganisha na mkondo B."

Nimeliweka kwenye rafu ya juu, mbali na vumbi. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ni wa Machi 2021, kwa mwandiko wake uleule wa kusimama: "Binti wa dirishani. Anachora, hasomi. Dakika kumi kila siku, wiki tatu." Mbele ya maneno hayo, kwenye safu ambayo kwa miaka 31 alijaza matokeo, hakujaza kitu.